Tarakilishi mpya inapogoma diski zikiunganishwa

TARAKILISHI iliyoundwa kwa kuunganisha kipuri kimoja kimoja huweza kufanya kazi vyema dukani katikati ya jiji la Nairobi, kisha ikagoma punde inapofikishwa nyumbani Kangemi, Kawangware au Lavington. Aghalabu kilichobadilika kati ya duka na nyumba ni kitu kimoja. Dukani ilijaribiwa bila diski, ama kwa diski ya muuzaji, ilhali nyumbani mwenyewe ameitia diski zake za zamani zenye picha za familia, hesabu za biashara na kazi za masomo.

Hapo ndipo wengi huingiwa na kiwewe. Wapo wanaorudi mjini kununua ubao mwingine, wapo wanaomlaumu muuzaji kabla ya kuchunguza, na wapo wanaokubali ushauri wa haraka kwamba diski zifomatiwe ili mashine iwake. Ushauri huo wa mwisho ndio ulio ghali kuliko yote. Ubao, prosesa na kisambaza umeme vyote hununuliwa tena. Yaliyomo kwenye diski hayauzwi Luthuli Avenue wala kwingineko.

Habari njema ni kwamba mashine inayowaka bila diski na kugoma diski zinapotiwa tayari imeonyesha upande ambao hitilafu imejificha. Kinachohitajika ni subira, bisibisi na utaratibu wa kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja.

Soko lenye mchanganyiko

Kwa miaka mingi, eneo la katikati ya jiji linalozunguka Moi Avenue, Tom Mboya Street na River Road limekuwa soko kubwa la vifaa vya elektroniki. Luthuli Avenue, barabara yenye jina la Albert Luthuli, kiongozi wa Afrika Kusini aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 1960, ndiyo iliyovuma zaidi. Mnamo 2019 barabara hiyo ilikarabatiwa, nafasi ya magari ikapunguzwa na njia za waendao kwa miguu zikapanuliwa.

Katika soko kama hilo si ajabu mashine moja kuwa na ubao mpya, kasha lililotumika, kisambaza umeme kilichotolewa katika tarakilishi nyingine na kebo zilizookotwa kwenye sanduku la mabaki. Mnunuzi naye huongeza diski alizokuwa nazo nyumbani. Kufanya hivyo si kosa, kwani hupunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kila kipuri huja na historia yake, na migongano mingi huzuka pale ambapo diski hukutana na umeme, kebo na mipangilio ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Kinachotendeka mashine ikiwashwa

Kitufe kinapobonyezwa, kisambaza umeme huupokea umeme wa volti 240 unaotumika nchini Kenya na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Baada ya hapo, programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, huamka. Programu hiyo katika mashine za zamani iliitwa BIOS, na katika mashine za kisasa huitwa UEFI, ingawa mafundi wengi bado hutumia jina la kwanza kwa zote mbili.

Kazi yake ni kukagua prosesa, kumbukumbu ya RAM na kifaa cha kutoa picha, kisha kuhesabu diski zilizopo. Mwishowe huchagua diski moja kwa kufuata orodha iliyopangwa na kuanza kupakia mfumo endeshi, mathalani Windows au Linux. Mahali ambapo safari hiyo inakatikia ndipo penye dalili.

Dalili ya kwanza ni feni kutikisika mara moja na kuzima, au mashine kukaa kimya kabisa. Hiyo huelekeza kwenye umeme. Dalili ya pili ni nembo ya kampuni kutokea kwenye skrini kisha mashine kukwama hapo kwa muda mrefu. Hiyo hutokea ubao unapoisubiri diski isiyojibu, iwe ni kwa sababu ya kebo mbovu au diski yenyewe kuwa mgonjwa. Dalili ya tatu ni ujumbe kwamba hakuna diski yenye mfumo endeshi, au mashine kuingia yenyewe kwenye ukurasa wa mipangilio. Hapo umeme hauna lawama, na tatizo kwa kawaida liko kwenye orodha ya diski au namna zilivyogawanywa.

Mbao nyingi za kisasa zina taa ndogo nne zinazoonyesha hatua iliyokwama. Taa yenye maandishi BOOT ikibaki ikiwaka, maana yake ni kwamba prosesa, kumbukumbu na picha vimefaulu mtihani, na kilichokosekana ni mfumo wa kupakia.

Jaribio la kwanza

Mafundi wenye uzoefu huanza kwa kurudi nyuma. Mashine huchomolewa kwenye soketi ya ukutani, kisha kila diski huondolewa kebo zake zote mbili, ile ya umeme na ile ya data. Diski zile ndogo bapa za aina ya M.2, ambazo hufungwa moja kwa moja kwenye ubao, nazo hutolewa. Baada ya hapo mashine huwashwa ikiwa tupu.

Iwapo itafika kwenye ukurasa wa mipangilio, basi ubao, prosesa na kumbukumbu havina hatia, na hakuna haja ya kupanda matatu kurudi mjini kununua vingine. Iwapo haitafika, basi ni diski zisizokuwa na hatia, na uchunguzi unapaswa kuelekezwa kwingine. Tahadhari moja ni muhimu hapa. Mashine zenye kumbukumbu ya aina ya DDR5 huweza kuchukua dakika kadhaa kuipima kumbukumbu hiyo zinapowashwa kwa mara ya kwanza, huku skrini ikiwa nyeusi. Wengi hukata umeme wakidhani mashine imekufa, na hivyo kuilazimu ianze upya.

Mashine tupu ikishawaka, diski hurudishwa moja baada ya nyingine, umeme ukizimwa kabla ya kila hatua. Diski inayofanya mashine igome hutiwa kwenye tundu lingine la data na kupewa kebo nyingine ya data. Ikiwa tatizo linahama pamoja na diski, diski ndiyo mshukiwa. Likibaki kwenye kebo au tundu lile lile, diski imesingiziwa. Ni vyema kila jaribio liandikwe kwenye karatasi, kwa sababu baada ya majaribio manne au matano kumbukumbu ya binadamu huchanganyikiwa.

Mtego wa kebo za umeme

Kati ya makosa yote, lipo moja ambalo huua diski kwa kufumba na kufumbua. Visambaza umeme vingi vya kisasa vina kebo zinazochomolewa pande zote mbili. Upande unaoingia kwenye diski ni wa kiwango kimoja duniani kote. Upande unaoingia kwenye kisambaza umeme hauna kiwango hicho. Kila kampuni hupanga nyaya zake inavyotaka, na wakati mwingine mpangilio hutofautiana hata kati ya bidhaa mbili za kampuni moja.

Kwa hivyo kebo iliyotoka kwenye sanduku la mabaki huweza kuingia bila shida yoyote, ilhali mahali palipotarajiwa volti 5 pamepita volti 12. Umeme huo huunguza vifaa vidogo vilivyo kwenye saketi ya diski. Diski nyingi zina kipuri cha kinga ambacho hujitoa mhanga kwa kuunganisha njia ya umeme na njia ya kurudi, na kuanzia hapo kisambaza umeme hukataa kuwaka kila diski hiyo inapounganishwa. Hiyo ni mojawapo ya sababu halisi za mashine kuwaka bila diski na kufa zinapotiwa.

Anayekutana na hali hiyo hapaswi kamwe kuchukua diski ya pili na kuijaribu kwa kebo ile ile, kwa maana ataipoteza na ya pili. Kebo zinazopaswa kutumika ni zile zilizotoka ndani ya boksi la kisambaza umeme hicho hicho. Mnunuzi wa kisambaza umeme kilichotumika anapaswa kudai kebo zake asilia, na zikikosekana, ni heri achague kile ambacho nyaya zake zimeshikizwa ndani na hazichomolewi.

Diski iliyokumbwa na ajali ya namna hiyo haifai kutupwa. Katika diski zenye sahani zinazozunguka, data huwa kwenye sahani hizo, na mara nyingi kinachoungua ni saketi ya nje. Mtaalamu wa kuokoa data huweza kuitengeneza saketi hiyo.

Nguvu haitoshi

Diski yenye sahani, ile ya ukubwa wa inchi 3.5, huhitaji umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka kuliko inapokuwa kazini. Kwa sekunde chache za mwanzo huweza kuvuta takriban ampea 2 kwenye njia ya volti 12, yaani karibu wati 25. Ikishashika kasi hutosheka na wati chini ya 10. Diski nne zikianza kwa pamoja basi huongeza mzigo wa takriban wati 100 wakati ule ule prosesa na feni zinapoamka. Kisambaza umeme kilichochakaa, au kile ambacho nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko chake si ya kweli, huzima. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka na hutumia wati chache tu.

Visambaza umeme vya zamani navyo huwa na swichi ndogo nyuma yenye nambari 115 na 230. Nchini Kenya swichi hiyo lazima iwe kwenye 230. Ikisahauliwa kwenye 115, kisambaza umeme huungua mara tu kinapochomekwa.

Lipo pia jambo linalowashangaza wanaonunua diski zilizotolewa kwenye seva kubwa. Baadhi ya diski hizo hutumia pini ya tatu ya kiungo cha umeme kama amri ya kuzima. Kisambaza umeme cha zamani hupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo wakati wote, na diski hutii kwa kukataa kuzunguka. Mashine huwaka, lakini diski hubaki kimya kama isiyokuwepo. Diski kama hiyo si mbovu.

Matundu yanayogombania njia

Iwapo umeme uko sawa na bado diski haionekani, hatua inayofuata ni kusoma kijitabu cha ubao. Katika mbao nyingi, tundu la M.2 na matundu ya kawaida ya SATA hutumia njia moja ya mawasiliano. Diski ya M.2 inapotiwa, tundu moja au mawili ya SATA huzimwa. Mwenye mashine huona diski yake ya zamani imetoweka na kudhani imekufa, kumbe ingehamishiwa tundu la jirani ingeonekana.

Hali kadhalika, diski mbili za M.2 zinazofanana kwa umbo huweza kuwa za lugha tofauti, moja ya SATA na nyingine ya NVMe, na si kila tundu huelewa zote mbili. Kijitabu hutaja aina inayokubalika. Aliyekipoteza huweza kukipata bila malipo kwenye tovuti ya kampuni iliyounda ubao, kwa kutafuta jina la modeli lililochapishwa juu ya ubao wenyewe.

Mipangilio ya zamani na mipya

Chanzo kingine cha mgomo ni mgongano wa vizazi. Diski iliyotayarishwa miaka mingi iliyopita aghalabu imegawanywa kwa mtindo wa MBR, ambao hauwezi kutumia zaidi ya takriban terabaiti 2. Mashine za sasa hupendelea mtindo wa GPT na UEFI. Mbao nyingi zilikuwa na mpangilio uitwao CSM wa kuziwezesha kupakia mfumo kutoka kwa diski za mtindo wa zamani, lakini mashine nyingi za miaka ya karibuni hazina tena mpangilio huo, au huja ukiwa umezimwa. Matokeo yake ni kwamba diski huonekana kwenye orodha, lakini haikubali kupakia mfumo.

Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inahitaji UEFI pamoja na kipengele cha usalama cha TPM 2.0. Kwa kuwa Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, wengi wanaounda mashine mpya hujikuta wakihama kutoka mtindo mmoja hadi mwingine. Microsoft yenyewe hutoa programu iitwayo mbr2gpt inayobadilisha diski ya mfumo kutoka MBR hadi GPT bila kufuta yaliyomo. Hata hivyo, hakuna mtu mwenye busara anayeitumia kabla ya kuweka nakala ya akiba.

Aidha, baadhi ya mashine zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 huwa na mpangilio wa VMD. Ukiwa umewashwa, programu ya kusakinisha Windows huweza kudai hakuna diski yoyote hadi ipewe kiendeshi chake.

Kosa jingine hufanyika wakati wa kusakinisha. Diski mpya na ya zamani zikiwa zimeunganishwa pamoja, Windows huweza kuweka faili zake za kuanzia kwenye diski ya zamani. Mashine hufanya kazi vizuri hadi siku diski hiyo itakapotolewa, kisha hugoma. Njia salama ni kuacha diski moja tu, ile inayokusudiwa kubeba mfumo, na kuziunganisha nyingine kazi ikishakamilika.

Diski kwanza, mashine baadaye

Katika majaribio haya yote, kanuni moja haivunjwi: pasiandikwe chochote kwenye diski yenye data hadi data hiyo iwe imenakiliwa. Ujumbe unaotaka diski ianzishwe upya au ifomatiwe haumaanishi kwamba diski ni tupu. Huenda mashine haijatambua mtindo wake tu. Huenda pia diski ilifungwa kwa BitLocker ilipokuwa kwenye kipakatalishi cha zamani, na inachohitaji ni ufunguo wa tarakimu 48 ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe. Diski kama hiyo ikifomatiwa, hata mwenye ufunguo hataambulia kitu.

Diski inayotoa sauti ya kugonga-gonga nayo izimwe mara moja. Kila inapowashwa huweza kujikwaruza zaidi. Kuifungua nyumbani ni kuimaliza, kwa kuwa vichwa vyake vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi.

Kwa mwenye duka la huduma za intaneti Kangemi au mwalimu wa Uthiru aliyehifadhi alama za wanafunzi, hasara ya diski huzidi bei ya mashine nzima. Nakala mbili, moja kwenye diski ya nje na nyingine mbali na nyumba, ni kinga dhidi ya makosa haya na pia dhidi ya umeme kukatika ghafla, kama ilivyotokea kote nchini Agosti 25, 2023. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Haki za mnunuzi

Ikiwa uchunguzi utaonyesha kwamba kipuri kilichouzwa ni kibovu, sheria haijamtupa mnunuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 imefafanua haki hizo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60.

Lakini haki hiyo hutegemea ushahidi. Risiti yenye jina la modeli, nambari ya kipuri iliyoandikwa mbele ya muuzaji, na karatasi ile ya majaribio huwa na uzito kuliko maneno makali kaunta. Mnunuzi anayeweza kueleza kwamba mashine huwaka bila diski, na kwamba hugoma kwa tundu moja tu la SATA hata kebo na diski zikibadilishwa, humpunguzia muuzaji nafasi ya kukana.

Ni busara pia mnunuzi kubeba diski yake moja isiyo na data ya maana aendapo dukani, ili mashine ijaribiwe ikiwa nayo kabla ya pesa kutolewa. Anayelazimika kumwachia fundi diski yenye data na aandikishiane naye kwamba haitafutwa wala kunakiliwa bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda taarifa za watu binafsi, na diski ya biashara aghalabu huwa na majina na nambari za simu za wateja ambao hawakuombwa ruhusa.